Diski ya Windows Ikiharibika Lamu, Ununue Nini?

Hewa ya bahari haipatani na diski. Itoe kwenye droo ile DVD yako ya zamani, ielekeze kwenye taa, na kama unaona vitundu vinavyopitisha mwanga au utando wa fedha umeanza kubanduka ukingoni, hiyo imekwisha. Dawa ya meno haitaifufua.

Lakini usikimbilie kununua nyingine. Ulicholipia ni leseni. Diski ilikuwa chombo cha kubebea programu tu, na programu yenyewe, kwa Windows 10 na 11, Microsoft huitoa bure kwenye tovuti yake. Kwa mashine za zama za Windows 7, namba ya leseni imo kwenye stika chini ya laptopu au chini ya betri (ipige picha leo, stika hizo hufutika kwa joto na jasho). Laptopu zilizouzwa na Windows 8 kwenda mbele, yaani tangu 2012, kwa kawaida huwa na namba hiyo ndani ya chipu ya mashine. Ila namba za Windows 7 na 8 hazisajili tena Windows 10 wala 11. Windows 10 na 11 zikishawahi kusajiliwa, Microsoft huitambua mashine yako yenyewe. Kwa hiyo pesa yako iende hivi.

1. Flashi nzuri na bando

Hili ndilo chaguo langu kwa watu wengi. Programu ya Microsoft ya kutengenezea flashi ya Windows (Media Creation Tool) inataka flashi ya GB 8 au zaidi. Nunua ya 16 au 32, tofauti ya bei si kubwa. Muuzaji akikushauri uchukue DVD tupu, kataa: ya kawaida hubeba GB 4.7, na faili la Windows 11 linapita GB 5.

Jihadhari na flashi feki. Ile iliyoandikwa "2TB" na bei yake ni ya sahani ya biriani ina chipu ndogo iliyofundishwa kudanganya. Faili za mwanzo huingia vizuri, zinazofuata huandikwa juu ya zile za kwanza, na Windows yako inakwama katikati. Omba ijaribiwe kwa H2testw, programu ya bure inayoijaza flashi kisha kusoma kila kilichoandikwa, na usipokee bila risiti. Ukiagiza kutoka Mombasa, kuirudisha ni mashua hadi Mokowe, kisha basi.

Kama bando lako ni dogo, nenda saiba na flashi yako. Iwe tupu, maana kila kilichomo kitafutwa. Kijana wa saiba huenda akakwambia anayo Windows tayari kwenye kompyuta yake. Mshukuru, kisha umwombe afungue microsoft.com mbele yako. Na ukifika kwenye kuweka, chagua toleo lile lile ulilokuwa nalo, Home au Pro. Ukiweka Pro mahali pa Home, itakudai namba usiyokuwa nayo.

2. Flashi ya kiwanda

HP, Dell na Lenovo hukuruhusu kupakua mfumo wa modeli yako kwa kutumia namba ya mashine. Uzuri wake ni kwamba draiva (programu zinazoendesha vifaa vya mashine) zimo, Wi-Fi inashika mara moja. Ubaya, inakuja na takataka za kampuni. Jaribu kwanza nakala ya mfumo iliyofichwa kwenye hadi diski: mashine inapowaka, bonyeza F11 kwa HP nyingi, Alt na F10 kwa Acer. Haigharimu kitu, ila ukirudisha mashine kama ilivyotoka kiwandani faili zako zitafutika.

3. Linux

Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na, kwa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. Laptopu nyingi za mtumba kutoka Uingereza hazifiki hapo. Linux ni mfumo mwingine unaochukua nafasi ya Windows: aina zake kama Linux Mint au Ubuntu ni halali, bure, na huendeshwa kutoka kwenye flashi bila kuwekwa: hivyo unaweza kuokoa picha na hati zako kabla ya lolote.

4. Leseni mpya

Ni kwa mashine ambayo haijawahi kuwa na leseni halali, au iliyobadilishwa ubao mama. Marekani Windows 11 Home huuzwa dola 139. Leseni za "bei ya chee" mtandaoni mara nyingi ni za makampuni, na zinaweza kufungwa wakati wowote.

5. Diski ya kunakiliwa mtaani

Naiweka hapa ili uijue tu. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inazilinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu. Halafu ile programu ya kuikraki (kuvunja kinga ya leseni) huanza kwa kukuomba uzime antivairasi, kwenye mashine ile ile unayofungulia benki.