Qubes OS baada ya kusakinishwa: kazi kubwa iko kwenye violezo

Qubes OS, mfumo endeshi ulioanzishwa na Joanna Rutkowska na wenzake wa Invisible Things Lab, kampuni ya usalama wa kompyuta, huzigawa kazi za mtumiaji katika mashine pepe zinazosimamiwa na Xen, programu inayoendesha mifumo kadhaa iliyotengana ndani ya kompyuta moja, ili faili yenye virusi ikifunguliwa katika mashine moja isiweze kuvuka hadi nyingine. Kompyuta ikiwashwa mara ya kwanza baada ya kusakinisha, mfumo huunda sys-net inayoshika kadi ya mtandao, sys-firewall inayochuja mawasiliano, na mashine za kuanzia, zikiwemo work ya kazi za kila siku na vault ambayo haina mtandao kabisa. Mfumo pia huuliza kama uundiwe sys-usb, mashine inayoshika vifaa vya USB; swali hilo lisijibiwe kwa haraka, kwani mwenye kibodi ya USB pekee anaweza kushindwa hata kuandika nenosiri la diski.

Kinachofuata ni kusasisha dom0, yaani sehemu kuu inayoendesha mashine zote, na violezo vyote, yaani mashine za msingi ambazo nyingine huchukua mafaili yao ya mfumo kutoka kwazo, kwa zana ya Qubes Update, kazi nyepesi isiyohitaji maelezo marefu. Uzito uko kwenye programu. Ukisakinisha VLC, programu ya kuchezesha video, ndani ya mashine ya work, itafanya kazi vizuri mpaka utakapoizima mashine hiyo. Ukiiwasha tena, VLC haipo, kwa sababu mafaili ya mfumo hutoka kwenye kiolezo kila mara na kinachobaki ni vitu kama vile vilivyomo kwenye /home na /usr/local. Njia sahihi, ikiwa work inatumia kiolezo cha Debian (toleo mojawapo la Linux), ni kukifungua kiolezo hicho, kuandika sudo apt install vlc, kukizima, kuiwasha upya work, kisha kuiongeza VLC kwenye menyu kupitia mipangilio ya mashine hiyo. Mzunguko huu unachosha siku za mwanzo, lakini ndio unaofanya uchafu ulioingia kwenye mafaili ya mfumo ya work ufutike mashine inapozimwa, na kwangu faida hiyo inatosha kabisa kufidia usumbufu.

Kunakili maandishi kutoka mashine moja hadi nyingine kunadai Ctrl+Shift+C na Ctrl+Shift+V pamoja na Ctrl+C na Ctrl+V za kawaida, na rangi ya fremu ya dirisha hukuonyesha uko wapi kabla hujabandika. Huo ni ubunifu ninaoupenda sana.

Kwa mwanahabari au wakili anayetunza siri za watu, naupendekeza bila kusita, mradi kompyuta yake iwe na RAM ya GB 16, kwa kuwa kiwango cha chini cha GB 6 kitamlazimisha kuzima mashine moja kila anapotaka kufungua nyingine.