Maji ya bomba nyumba ya kupanga: kugawana bili kwa vichwa kumetushushia gharama

Naishi Mbezi ya Kimara, Dar es Salaam, nyumba ya kupanga, vyumba sita na mita moja ya maji uani. Naandika kwa wapangaji wenzangu, maana wenye nyumba zao wanajua kabisa bomba ni nafuu, ila sisi unafuu unaishiaga kwenye mita, chumbani haufiki.

Kabla bomba halijavutwa tulikuwa watu wa madumu ya mkokoteni, dumu la lita 20 shilingi 300, na maji yakiadimika jamaa anapandisha mpaka 500 huku anakuangalia usoni. Ya kufulia tunachota kisimani kwa jirani, 100 kwa ndoo, maji ya chumvi yale, sabuni haitoi povu hata ufanyeje, kwahiyo piga hesabu na hela ya sabuni humohumo.

Bomba lilipofika nikajua tumepona. Wapi bwana! Mama mwenye nyumba akasema ndoo 100, bei ileile ya kisimani. Na kiukweli simlaumu, katoa hela yake mfukoni kuvuta bomba na anataka irudi. Ila siku kanipa simu yake nimsomee meseji ya bili ndo nikashtuka: unit moja ni lita 1,000, yaani ndoo 50, na bei tuliyochajiwa ilikuwa 1,600 na ushee kwa unit. Ndoo inakuja kama shilingi 33! Chumbani kwetu tunatumia ndoo sita kwa siku, kwa mwezi tunatoa 18,000 kwa maji ya 6,000.

Nikamfuata kistaarabu, nikamwambia mama, sisi tuko tayari kukurudishia gharama za kuvuta bomba kidogokidogo, afu zikiisha tunagawana bili kama ilivyo. Akakubali. Kazi ikawa tunagawanaje sasa. Kwa chumba ilishindikana, kuna kijana anaishi peke yake anatoka alfajiri anarudi usiku, na chumba cha pili wako watano wakiwemo watoto wachanga, atakubali vipi walipe sawa? Tukaenda kwa vichwa. Dada anayepika supu na maandazi hapo nje analipa vichwa viwili, na alijitolea mwenyewe kabla hajaambiwa.

Jifunzeni kusoma mita jamani, sio kazi ngumu. Kwenye hii yetu namba nyeusi ndo unit kamili, nyekundu ni vipande vya unit. Mwisho wa mwezi mmoja wetu anapiga picha anairusha kwenye grupu la WhatsApp la nyumba, bili ikija tunalinganisha, anayelipa kwa simu naye anarusha risiti, hapo majungu yanakosa pa kuingilia. Na usiku fungeni koki zote muangalie kale kagurudumu kadogo kwenye mita, kakiwa kanazunguka ujue kuna sehemu panavuja. Kwetu ilikuwa tanki la kuflashi chooni, linavuja kimyakimya na bili inapanda tunabaki kutupiana macho.

Nyota nne kati ya tano. Hiyo moja naibania kwasababu maji hayatoki saa zote, pipa msitupe. Huku kwetu yanatoka mtambo wa Ruvu Juu kule Mlandizi, mto Ruvu ukipungua nasi tunapungukiwa, kama ule mgao wa mwishoni mwa 2022 uliolikamata jiji lote, ndo maana habari za bwawa la Kidunda, lile la kuhifadhia maji ya mto huo, huku tunazifuatilia kuliko mpira. Siku kama hizo wa mkokoteni anarudi na bei zake. Ya kunywa nachemsha, hiyo ni tabia yangu hata kabla ya bomba.

Kimebaki kipengele cha wageni. Shemeji wa mtu akija kukaa mwezi mzima anahesabika kichwa au hahesabiki? Kwenye grupu watu wamegawanyika mpaka leo, wenye wageni wengi wanajijua.