Diski ya kuokoa NAS yako ya zamani: soma herufi kwenye lebo kabla hujatoa hela

Tangu msimu wa harusi upungue, ujumbe ninaopokea kwa wingi ni mmoja, majina tu ndiyo yanabadilika. Mtu ana sanduku la NAS, yaani la kuhifadhia faili kupitia mtandao wa nyumbani au ofisini, la diski mbili, la miaka kumi hivi, limekaa kwenye rafu ya studio au sebuleni, Lindi, Masasi, ama hapa hapa Mtwara mjini. Diski moja imekufa, taa imekuwa nyekundu. Kanunua nyingine mpya, kaichomeka, sanduku likaanza kuijenga, yaani kuinakilia data ya ile diski nzima. Siku ya tatu bado linasuasua kwenye asilimia thelathini, kisha linaitema diski mpya na kudai nayo imekufa. Akirudi dukani, muuzaji anaichomeka kwenye kompyuta na inafanya kazi kama kawaida. "Dada, tatizo ni hicho kimashine chako, kimezeeka."

Kimashine hakina kosa, na muuzaji kwa alichokipima hajadanganya. Tatizo ni namna diski ile inavyoandika data, na hilo ndilo pekee nitakalolishikia bango leo. Kasi ya mzunguko, kashe, rangi ya lebo, hayo kila mtu anayaandika.

Diski zinazouzwa sasa ni za aina mbili. Kwenye CMR, kila mstari wa data una nafasi yake. Kwenye SMR, mistari imelaliana kama makuti ya paa. Mtengenezaji anapata kuingiza data nyingi kwenye bapa lile lile, ndiyo maana bei inashuka. Shida inakuja wakati wa kubadilisha: kuchomoa kuti la chini lazima uinue yaliyolala juu yake. Diski nayo ikitaka kuandika upya kipande kidogo, inabidi ipange upya eneo zima. Ili usilione hilo, wameiwekea sehemu ndogo ya kupokelea. Data inashushwa pale kwanza, kisha diski ikipata utulivu ndiyo inaipeleka mahali pake. Anayehifadhi picha za simu na barua za ofisi anaweza kuishi nayo miaka bila kujua. Lakini sanduku la RAID 1, lile linaloandika data ile ile kwenye diski zote mbili, linapojenga diski mpya linamimina mfululizo, mchana na usiku. Sehemu ya kupokelea inajaa, diski inaanza kujivuta, amri zinachelewa kujibiwa, na sanduku linauhesabu ule ukimya kuwa ni kifo.

Aprili 2020 Western Digital walikiri kwamba WD Red za TB 2 hadi TB 6, zilizokuwa zikiuzwa mahususi kwa NAS, zilikuwa na SMR, na lebo ilikuwa haisemi. Waliozipima mwaka huo kwenye ZFS, mfumo mmoja wa kupanga na kulinda data kwenye diski, waliiona ya TB 4 ikichukua zaidi ya siku 9 kujengwa, wakati za CMR zilimaliza kwa muda usiozidi siku moja. Hebu fikiria siku hizo tisa. Ile diski ya zamani iliyobaki, yenye umri sawa na ile iliyokufa, imebeba picha za harusi za watu peke yake na inasomwa bila kupumzika. Na umeme wetu unaujua.

Kwa hiyo kabla ya kuchomeka chochote kipya, nakili kila kitu kwenye diski ya nje. Sitalirudia.

Na kabla hata ya kununua, pima adapta. Masanduku mengi ya diski mbili yanakula umeme wa volti 12 kutoka adapta ya nje, na kapasita zake zikichoka, volti zinaanguka pale diski zote mbili zinapoanza kuzunguka. Moja inakosa nguvu, inapotea, na wewe unasoma kwenye kioo kwamba diski imekufa. Fundi redio yeyote ana mita. Mwambie apime sanduku likiwa linawaka na diski zake ndani, kwa sababu adapta isiyo na mzigo itakuonyesha 12 bila aibu. Mkao wetu huu wa pwani, hasa ukikaa Shangani ambako upepo wa bahari unaingia na chumvi yake, angalia na feni. Feni iliyokwama inaua diski nzuri taratibu. Halafu ingia kwenye tovuti ya aliyelitengeneza sanduku usome ukubwa wa mwisho linaoupokea, maana mengine ya zamani hayakubali diski kubwa.

Sasa upangaji wangu, kwa mtu anayetafuta TB 4.

Ya kwanza ni Seagate IronWolf. Mimi ni mtu wa IronWolf na sioni haya kusema. Sababu yangu ni moja: IronWolf zote ni CMR, ndogo kwa kubwa. Huhitaji kukariri ipi imekuwaje na ilitoka mwaka gani. Ukiona namba ya modeli inaanza na ST4000VN, umefika. Hizo herufi mbili baada ya tarakimu ndizo za kusoma: VN ni ya NAS, VX ni ya kamera za ulinzi, DM ni ya kompyuta ya mezani. Kwenye picha ya tangazo maboksi yanafanana, herufi hazifanani. Ina dhamana ya miaka mitatu, na wanaongezea huduma ya kuokoa data ikiharibika. Huduma hiyo mimi siihesabu, maana harusi ya mtu siitumi ng'ambo. Itakukwaruza-kwaruza kidogo masikioni ikifanya kazi, usiogope.

Ya pili, WD Red Plus. Baada ya kelele za 2020 waligawa familia: Red iliyobaki na jina tupu ndiyo SMR, Red Plus ndiyo CMR. Diski yenyewe haina tatizo, na ni tulivu kuliko niipendayo. Imeshuka nafasi kwa sababu usalama wako wote umening'inia kwenye neno "Plus", na madukani kwetu neno hilo linadondoka kirahisi. Ukiulizia Plus unaambiwa ipo, ukifungua boksi unakuta Red tupu, na ukilalamika unaambiwa "si ni hiyo hiyo dada, nyekundu?" Soma herufi za mwisho: EFRX, EFZX na EFPX ni salama. EFAX kwenye TB 2 hadi 6 ikimbie.

Ya tatu itawashangaza wengine: Seagate SkyHawk, diski ya kamera za CCTV. Imetengenezwa kuandika saa 24 kila siku, na faida yake kubwa kwa mtu wa huku Kusini ni kwamba wafungaji wa kamera wanakuwa nayo. Unaiona, unaishika, unasoma lebo kabla hela haijatoka. Haikuundwa kwa ajili ya NAS, kwa hiyo IronWolf ikipatikana usihangaike nayo. Chukua namba kamili ya modeli, itafute kwenye karatasi ya maelezo ya mtengenezaji, na usilipe mpaka umeona CMR imeandikwa pale.

Toshiba N300 nayo ni CMR. Inazunguka mara 7200 kwa dakika, ina joto na ina sauti, na ndani ya sanduku kuukuu lenye feni iliyochoka, kwa joto la hapa la Novemba, siipendi. Mwenye sanduku kubwa na chumba chenye kiyoyozi atabishana nami, na atakuwa na haki.

Za bei nafuu: Barracuda ST4000DM004, ndugu yake ST2000DM008, WD Blue WD40EZAZ, Toshiba P300 ya TB 4. Zote SMR. Weka kwenye kompyuta ya watoto.

Mtu ataniambia, yote haya ya nini, weka mtandaoni ulale. Mei 2024 ilitufundisha. Kimbunga Hidaya kilipita mwanzoni mwa mwezi, mvua ikakata barabara ya Dar huko Somanga. Tarehe 12 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikapata hitilafu, intaneti ikawa ya kubahatisha nchi nzima. Wiki hiyo aliyekuwa na faili zake rafuni kwake alifanya kazi. Mtandaoni weka nakala ya pili, ya kwanza ibaki nyumbani. Ila lile sanduku lako lisiloletewa masasisho tena usilifungulie mlango wa kuingilia kutoka nje. Juni 2021 wenye WD My Book Live, vifaa ambavyo sasisho lao la mwisho lilikuwa la 2015, waliamka wakakuta vimefutwa kila kitu na wavamizi.

Na wauzaji sasa. Kwa nini diski haina bei? Unaona tangazo, unauliza, unajibiwa "bei inbox". Ukienda inbox unaulizwa uko wapi. Ukisema Mtwara, bei inapanda kabla hata nauli ya mzigo haijatajwa. Ukiomba namba ya modeli unatumiwa picha iliyopakuliwa mtandaoni, na ukisisitiza picha ya lebo ya diski iliyopo mkononi mwake unaambiwa "ni orijino boss, usiwe na wasiwasi". Neno orijino halijibu swali la CMR. Hizo SMR nazo ni orijino! Kisha dhamana. Boksi limeandikwa miaka mitatu, risiti imeandikwa siku saba, na hizo saba zinaanza kuhesabiwa diski ikiwa bado iko Kariakoo inasubiri basi.

Kuna na zilizotumika zinazovishwa plastiki mpya. Januari 2025 iliripotiwa kwamba huko Ulaya diski za Seagate Exos zilizokwisha kutumika ziliuzwa kama mpya, kaunta ya saa ikiwa imerudishwa sifuri. Kilichowaumbua ni kumbukumbu nyingine ya ndani iitwayo FARM, ambayo haikuguswa walipoirudisha sifuri ile kaunta ya kawaida. Kama huko Ulaya waliuziwa, sisi tunaonunua kwa picha ya WhatsApp tujihadhari.

Ukiagiza Dar, omba ifungwe kwa sponji pande zote na ikae mbele kwa kondakta, isiingie kwenye buti chini ya magunia. Ikifika, usiichomeke kwenye NAS kwanza. Iunganishe kwenye kompyuta, tumia programu ya smartctl, inayosoma kumbukumbu za afya ya diski, soma namba 9, yaani saa ilizowaka, kisha namba 5 na 197, yaani vipande vilivyoharibika na vinavyotiliwa shaka, ambazo kwa diski mpya lazima ziwe sifuri. Kama ni Seagate, andika smartctl -l farm ulinganishe saa za huko na zile za namba 9, kisha iache ifanye jaribio refu hadi mwisho. Ukikuta saa elfu kadhaa, piga picha ya kioo hapo hapo, mtumie, na umdai hela yako kabla hajakuzimia simu.