Bwate ya 1500 ndani ya Coccinelle ya 1300: nimeipandisha Kadutu, sasa niseme

Jambo ndugu zangu, wa Bukavu na wa ng'ambo ya Ruzizi. Leo niko chini ya gari, sauti ikikwaruza mtanisamehe.

Hii ni Coccinelle, ile Volkswagen ndogo ya mgongo wa duara, ya 1966, injini ya cc 1300, nguvu za farasi 40. Bwate yake ya kuzaliwa, yaani sanduku la gia, ilianza kutema gia ya pili. Nikiteremka mlima wa Kadutu hapa Bukavu, nikiachia mafuta tu, kijiti cha gia kinaruka mkononi. Mnaoendesha mji huu mnajua maana yake. Nikatafuta bwate nyingine, na nimeitembelea miezi mitatu kabla ya kufungua mdomo.

Kwanza niwachekeshe. Kijana mmoja aliniletea bwate ya Kombi ya zamani. "Yaya, Volkswagen ni Volkswagen, zote zinaingia." Kuingia inaingia. Lakini Kombi za kabla ya Agosti 1967 zina gia ndogo za kupunguza mwendo kwenye kila gurudumu la nyuma, na gia hizo hugeuza mzunguko. Ndiyo maana kiwandani korona, ile gia kubwa inayozungusha ekseli, ilifungwa upande wa pili. Ukiitia kwenye Coccinelle hivihivi, utapata gia nne za kurudi nyuma na moja ya kwenda mbele. Nikamwambia asante sana, mdogo wangu.

Niliyochukua ni hii, ya Coccinelle 1500 iliyotengenezwa baada ya Agosti 1967. Tofauti kubwa iko kwenye pinyoni (gia ndogo inayoisukuma korona) na korona yenyewe. Yangu ya zamani ilikuwa meno 8 kwa 35, hii ni 8 kwa 33: kwa mwendo uleule injini inazunguka mara chache, lakini nguvu ya kupanda inapungua. Muuzaji akikwambia ni ya 1500, usiondoke hivyo. Weka gia ya nne, shika ekseli zote mbili, uzungushe pamoja mara 10 kamili, mwenzako ahesabu mizunguko ya shafti ya mbele ya ambreyaje (klachi). Ikizunguka karibu mara 37, ni ya 1500. Ikikaribia 39, amekuuzia ileile uliyokuwa nayo. Bei sitaitaja, aliyeniuzia anatazama video hizi.

Kufunga. Boliti nne za kushika injini zinakutana bila ugomvi, na hapo ndipo watu hudanganyika. Injini yangu ilikuwa na volani (si usukani, ni lile gurudumu zito linalozunguka na injini) ya enzi ya volti 6, meno 109. Bwate hii ni ya enzi ya volti 12: volani ya meno 130, sahani ya ambreyaje ya milimita 200 badala ya 180, na demarere (mota ya kuwashia injini) yake mwenyewe, kwa sababu hata bushi ya demarere ndani ya bwate ina tundu la kipimo kingine. Changanya kimoja tu na utasikia meno yakisagana asubuhi ya kwanza. Umeme wa gari nilishaupeleka volti 12 zamani, kwa hiyo nilibadilisha vyote vitatu kwa pamoja. Nati ile moja kubwa ya katikati ya volani, saa ya kuikaza, ni kama kuning'iniza kilo 35 kwenye ncha ya bomba la mita 1. Fundi wangu, mzee wa kazi, alikalia bomba bila kupima chochote. Nikamwomba ashuke, tukaazima ufunguo wenye kipimo.

Na kama bwate yako imetoka kwenye gari la baada ya 1970, angalia ile bomba fupi ambamo beringi ya ambreyaje inateleza. Hiyo inataka kifuniko cha ambreyaje kisicho na pete katikati.

Kuna jambo sikulifikiria. Bwate ilikuja na ekseli na ngoma zake za breki, na ngoma hizo ni za boliti nne. Mbele gari yangu ina boliti tano. Basi natembea na tairi mbili za akiba, moja kwenye kiti cha nyuma, kama abiria asiyelipa.

Oili: lita 3 bwate ikiwa kavu, ya daraja la GL-4, maana pete za sinkroni, zinazolinganisha mwendo wa gia kabla hazijashikana, ni za shaba.

Sasa barabara. Kwenda Kavumu, raha tupu. Kwenye kilometa 80 kwa saa, gia ya nne, injini inazunguka kama mara 150 pungufu kwa dakika. Unaweza kuongea na mtu wa nyuma bila kupiga kelele. Gia ya pili haitemi tena.

Kadutu ni habari nyingine. Tuko juu ya mita 1,460, hewa ni nyepesi na zile farasi 40 zimeshapungua kabla hujaanza kupanda. Pale nilipokuwa napanda na gia ya pili bila wasiwasi, sasa injini inalemewa, narudi ya kwanza. Na injini hii haina maji. Feni imefungwa kwenye shafti ya dinamo, inazungushwa na mkanda kutoka injini. Injini ikizunguka polepole huku imebeba mzigo, upepo unapungua wakati joto linapanda. Silinda ya tatu ndiyo ya kwanza kuumia, kwa sababu kwenye injini hizi za zamani kipoza oili kimesimama kwenye njia ya upepo wake. Jioni moja nilifika juu, harufu ya oili ya moto imejaa ndani. Nilisimama robo saa, kofia ya nyuma wazi, mama muuza makala (mkaa) akanicheka.

Kwa hiyo, mwenye 1500 au 1600 na aichukue hii, atashukuru. Mwenye 1300 wa Bukavu abaki na 8 kwa 35 yake, hata kama rafiki zake wa Lubumbashi, huko kwenye tambarare, wanasifia bwate ndefu kama hii ya 8 kwa 33. Mimi ile ya zamani iko kwa fundi, tayari imefunguliwa. Ikipona, inarudi, na hii nitaiuza pamoja na volani, demarere na tairi moja ya akiba.

Ngoja nitoke huku chini, niiwashe, msikie inavyounguruma kwenye gia ya pili kupanda kwetu.