Spika safi, fundi wa duka hovyo: besi yangu ilienda wapi?

Nianze na fundi, maana spika zenyewe hazina kosa. Au tuseme hazikuwa na kosa mpaka yeye alipozigusa.

Seti niliinunua Kariakoo, mvua zilipokuwa zinaanza: amplifaya, spika mbili za kusimama na sabufa. Dukani wakaniambia kufungiwa ni bure, fundi atafika mpaka Kimara. Bure gani, wakati hela ya ufundi imeshapachikwa kwenye risiti! Kijana akaja, hata shikamoo hana, akafunga nyaya huku simu kaibana sikioni. Kisha akapima. Akahamishia sauti yote kulia: "Hii inalia." Akahamishia kushoto: "Na hii inalia." Akabeba begi lake.

Jioni nikaweka dansi la zamani, Sikinde, nijipongeze. Gita la besi halipo. Sisemi liko chini, halipo kabisa. Tarumbeta zinachoma, mwimbaji katawanyika ukuta mzima, huwezi kunyoosha kidole ukasema anaimbia pale. Na cha kuudhi zaidi, nikienda jikoni besi naisikia mlangoni. Nikirudi kwenye kochi, katikati ya spika, inakufa.

Nikampigia. Jibu lake: "Dada, hiyo ndiyo sauti safi, wewe umezoea sabufa za mtaani. Shemeji yupo nimweleze?"

Shemeji! Hela katoa nani? Masikio ni ya nani? Hapo nikaapa mzigo wote unarudi Kariakoo kesho yake, na nilikuwa nakuja kuwaandikia msinunue.

Ila kabla ya kufungasha nikazikagua nyaya. Alitumia waya mweupe wa pacha, ule wa kuvutia taa, pande zote rangi moja. Kwa macho huoni tofauti. Pitisha ukucha, utasikia mchirizi mwembamba upande mmoja tu. Spika ya kulia, upande wa mchirizi umetoka nyekundu ya amplifaya ukaingia nyekundu ya spika. Ya kushoto, umetoka nyekundu ukaingia nyeusi.

Basi, ugonjwa wote ni huo. Chanya (nyekundu) na hasi (nyeusi) zikipishana kwenye spika moja, hiyo moja inavuta hewa wakati mwenzake anasukuma. Sauti nyembamba zinaokoka kwa kiasi, lakini mawimbi ya besi ni marefu, yanakutana pale ulipokaa na kufutana. Spika haiungui, amplifaya haidhuriki, na ndiyo maana kupima moja moja kwa mtindo wa yule kijana ni kazi bure: ikilia peke yake, iliyogeuzwa na isiyogeuzwa huwezi kuzitofautisha. Fundi wa redio asiyejua hilo anatoza hela ya nini?

Nikahakikisha kwa betri ya rimoti, ile ya volti 1.5. Chomoa nyaya upande wa amplifaya, gusisha chanya ya betri kwenye waya wa nyekundu na hasi kwenye wa nyeusi, kidogo tu, huku unaitazama koni kubwa. Ya kulia iliruka mbele. Ya kushoto ikajirudisha ndani, taratibu kabisa, mbele ya macho yangu. Nikageuza ncha mbili. Besi ikaja mpaka vikombe vya kabatini vikalia, na mwimbaji akasimama katikati, pale kwenye ukuta mtupu baina ya spika.

Ungedhani nilifurahi. Nilizidi kukasirika! Nikawapigia dukani, yule wa kaunta ananiambia: "Ukigusa waya mwenyewe, waranti imekufa." Kugeuza waya nje ya boksi!

Mzee jirani yangu, aliyewahi kupiga disko, alikuja kusikiliza akanitahadharisha: "Mwanangu, usifungue boksi kwenda kuzilinganisha spika za ndani." Ana haki. Kwenye maboksi mengi twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, hugeuzwa makusudi kiwandani, kwa sababu krosova, saketi ya kuzigawia sauti, ikiwa ya mkato wa desibeli 12 kwa oktavu, huziachanisha spika ya besi na twita kwa nyuzi 180, moja ikisukuma nyingine inavuta, pale zinapokabidhiana sauti. Na spika nyingi za JBL za zamani, ukiweka chanya kwenye nyekundu, koni huingia ndani. Hazina tabu, mradi zote mbili ziende upande mmoja.

Kwenye sabufa nitamtetea kijana, roho inaniuma. Swichi ya fezi nyuma yake, ile ya kugeuza kusukuma kuwe kuvuta, aliiacha kwenye 180, nami nikadhani ni uzembe uleule. Nikairudisha sifuri, mdundo ukapungua. Wimbi la hezi 80 lina urefu wa kama mita 4.3, na sabufa yangu iko pembeni kule, karibu mita 2 nyuma ya spika kubwa, yaani kama nusu ya wimbi. Kwangu 180 ndiyo yenyewe. Kwako huenda ikawa sifuri. Mtu akae kwenye kochi, mwingine abonyeze swichi, mchague inayodunda. Sidhani kama alipima. Labda alibahatisha. Haya, labda alipima.

Niwape nyota ngapi? Spika zina tano, nazisikiliza hata sasa na sizirudishi ng'o. Duka nilitaka kuwapa moja, nikafikiria bei yao ilivyokuwa nzuri, nikapanda mbili. Halafu leo kijana kanitumia ujumbe kwamba atapita Jumamosi "kucheki sistimu", nauli juu yangu. Moja. Na hela ya ufundi naidai.