Uzoefu wangu na filamu fupi za vijana wa Wapikoni

Filamu za Wapikoni Mobile, mradi wa studio ya filamu inayosafiri, zinatazamwa bure kwenye tovuti yao, na nyingi hazifiki dakika kumi. Wanaozitengeneza ni vijana wa mataifa ya asili ya Kanada, hasa jimbo la Quebec: Atikamekw, Innu, Anishinaabe na wengineo. Nimezitazama kwa muda sasa, na nazipendekeza kwa moyo wote.

Mradi ulianza 2004, mwongozaji filamu Manon Barbeau akishirikiana na mashirika ya watu wa asili wenyewe. Jina ni la Wapikoni Awashish, binti wa Kiatikamekw kutoka kijiji cha Wemotaci. Alikuwa mmoja wa vijana walioandika pamoja na Barbeau mswada wa filamu, akafariki 2002 gari lake lilipogonga lori la magogo. Alikuwa na miaka 20. Tangu nijue habari hiyo, lori la magogo likipita nyuma ya mtu kwenye picha, siwezi kulipuuza.

Studio yao ni gari kubwa la safari lenye kamera na vifaa vya kuhariri. Linaingia kijijini na kukaa wiki kadhaa. Wakufunzi wapo, ila anayeamua nini kipigwe picha ni kijana mwenyewe, na kazi ikikamilika huonyeshwa kwanza pale pale, mbele ya wazee na majirani. Naamini hapo ndipo penye siri ya ubora wake. Kijana anayejua kwamba bibi yake atakaa kiti cha mbele hawezi kumgeuza bibi huyo kuwa pambo la utamaduni. Anamwacha aongee, anyamaze, achune ngozi ya mnyama bila maelezo ya kumfafanulia mgeni.

Iliyonishika zaidi ni ya Kevin Papatie, kijana wa Kianishinaabe wa kijiji cha Kitcisakik, ya 2007. Haifiki dakika tano. Inapita vizazi vinne vya familia moja, na unaona jinsi lugha ya Kianishinaabe ilivyokatika baada ya watoto kupelekwa shule za bweni za serikali na makanisa, zilizowakataza lugha zao. Zaidi ya watoto 150,000 walipitia shule hizo nchini Kanada. Idadi hiyo nilikuwa nimeisoma, lakini kuona nyuso za nyumba moja tu kuliniumiza kuliko hesabu yote. Niliirudia siku hiyohiyo.

Si zote zilinigusa hivyo. Zile zenye ziwa, ngoma na shairi linalosomwa juu ya picha naziona zinafanana mno, na mimi huziruka. Video za muziki, kwa upande mwingine, zina nguvu ya ajabu. Samian wa kijiji cha Pikogan, anayerapu kwa Kifaransa na Kianishinaabe, alianzia Wapikoni.

Tafsiri za chini ya picha kwa kawaida ni za Kifaransa au Kiingereza, kwa hiyo angalia kwanza ipi inakufaa. Sauti usiizime hata kama unasoma tu: namna wazee wanavyotua katikati ya sentensi ni nusu ya filamu. Na usizifululize kumi kwa mpigo. Tazama mbili, pumzika, urudi kesho. Kwa anayeanza, ningemwelekeza kwanza kwenye zile ambazo mjukuu anamuuliza babu au bibi maswali, kisha za muziki, na za maandamano ya kutetea misitu baadaye, akishajua watu hao ni nani.