Ndoo za mopa za kanyagio: ipi ununue, ipi uiache dukani

Shangazi yangu anaishi Tanga na ana yabisi ya vidole. Miaka yote alipiga deki kwa tambara, ameinama, akilikamua kwa mikono mara baada ya mara. Vidole vilipoanza kugoma nikamnunulia ndoo ya mopa ya kanyagio, ile ambayo mopa inawekwa kwenye kikapu na kukamuliwa kwa kukanyaga kwa mguu. Niliichagua kwa rangi yake na kwa kikapu kilichokuwa kinang'aa. Haikumaliza hata masika moja. Kanyagio lilianza kuzama bila kuzungusha chochote, naye akarudi kwenye tambara lake kimyakimya, mpaka siku nilipofika bila taarifa nikamkuta sebuleni ameinama, vidole vimevimba.

Siku hiyo niliigeuza ile ndoo juu chini nikafungua skrubu zake zote. Tangu hapo nimefungua nyingine nyingi, za majirani na za nyumba ya wageni ninayoisaidia kuiendesha. Nimejifunza kwamba mashine yenyewe imejificha chini ya kanyagio, na hiyo ndiyo unayotoa hela kuinunua. Ndoo ni chombo cha kubebea maji tu, na plastiki yake nzuri haikwambii lolote kuhusu meno ya gia.

Kwa nini mguu

Kukamua kwa viganja kunatumia misuli midogo ya mkono na viungo vya vidole. Mguu unatumia uzito wa mwili mzima. Mtu wa kilo 60 akisimama kwa mguu mmoja juu ya kanyagio ameweka kilo 60 pale, na hajakaza kidole hata kimoja. Ndiyo maana waliofikiria kwa makini kazi ya deki waliishia kwenye wenzo au kanyagio. Mwezi Juni 1893 Mmarekani mweusi Thomas W. Stewart alipewa hataza ya mopa inayokamuliwa kwa wenzo badala ya kusokotwa kwa viganja. Mwaka 1956 huko Zaragoza, Hispania, mhandisi Manuel Jalón Corominas alianza kutengeneza ndoo zenye rola za kubana mopa kwa kanyagio, wakati ambapo wanawake wengi wa nchi hiyo walikuwa bado wanasugua sakafu wamepiga magoti.

Kinachotokea ukikanyaga

Ndoo nyingi za kanyagio zinazouzwa siku hizi ni za kuzungusha. Ukizielewa kwa ndani, muuzaji hatakupoteza.

Kanyagio ni wenzo wenye bawaba upande mmoja. Likishuka, linasukuma kipande chenye meno, na kipande hicho kinazungusha gia. Gia hiyo inazungusha nyingine ndogo zaidi ili kasi iongezeke, na katika ndoo nyingi kuna gia ya kugeuza mwelekeo, kwa sababu mguu unakwenda juu na chini ilhali kikapu kinatakiwa kizunguke kama pia. Mwisho kabisa kuna kifaa cha upande mmoja, kinachofanya kazi kama gurudumu la nyuma la baiskeli: ukisukuma linavutwa, ukiacha linaendelea lenyewe. Bila hicho, kanyagio likipanda na springi yake kikapu kingerudi kinyume, na kasi yote uliyoijenga ingepotea.

Chukua mfano wa hesabu. Kipande cha meno kinasogea sentimita 10, na gia kinayoizungusha ina mzingo wa sentimita 5. Gia hiyo itazunguka mara 2 tu kwa kila mkanyago. Ukiweka gia nyingine za kuzidisha mara 4, kikapu kitazunguka mara 8. Ila kasi hailetwi bure: ukiizidisha mara 4, meno ya gia ya kwanza yanabeba mzigo mara 4. Ndiyo maana ndoo nzuri kidogo ni nzito kukanyaga mwanzoni, na ndiyo maana meno ya plastiki laini huisha haraka. Ndoo inayozama kwa wepesi sana dukani huwa inanitia shaka kuliko inayokataa kidogo.

Na kasi ina faida kubwa. Maji yanatoka kwenye nyuzi kwa sababu yanarushwa nje, na ukiongeza kasi mara mbili, nguvu ya kuyarusha inaongezeka mara nne. Kikapu chenye upana wa sentimita 20 kikizunguka mara 5 kwa sekunde, tone lililoko ukingoni linavutwa nje kwa nguvu inayokaribia mara 10 ya uzito wake. Kikizunguka mara 10, ni karibu mara 40. Hapo utaona kwa nini kikapu kinachotetemeka na kukwama hakikaushi hata ukikanyaga mpaka jasho likutoke.

Orodha yangu, kuanzia ya kwanza

Kwa nyumba yenye marumaru au terazo, ya kwanza kwangu ni ndoo ya kuzungusha kwa kanyagio, kwa sharti kwamba pini ya bawaba ni ya chuma na chini ya ndoo pana skrubu zinazofunguka. Inakuachia wewe uamue unyevu. Mikanyago miwili, mopa inabaki na maji ya kutosha kuondoa matope mlangoni. Mikanyago mitano au sita, unapata mopa kavu ya kupitisha chumbani mahali mtoto anakimbia. Sakafu inakauka upesi na watu hawatelezi. Ndoo niliyompelekea shangazi baada ya ile ya kwanza ni ya aina hii, na kichwa cha mopa anakitoa kwa kukikanyaga pembeni bila kushika maji machafu. Ukitafuta majina makubwa, ndugu au jamaa aliyeko Marekani atakuletea O-Cedar EasyWring, aliyeko Ulaya atakuletea Vileda Turbo. Zote mbili zinatoka kampuni moja ya Kijerumani, Freudenberg, na wazo lake ni hilihili la kanyagio na kikapu. Kabla hujamwagiza, uliza vichwa vya akiba utavipata wapi, kwa sababu ndoo bila kichwa haina kazi.

Ya pili ni ndoo ya rola za kanyagio. Wengi wataniona nimeiweka juu mno, lakini sakafu za nchi yetu si marumaru zote. Kwenye saruji yenye mikwaruzo, nyuzi laini za maikrofaiba zinanasa na kukatika, na hapo mopa ya nyuzi nene za pamba ndiyo inayofaa. Pamba ikilowa ni nzito, haizunguki vizuri kwenye kikapu, lakini ikipita katikati ya rola mbili inatoa maji mengi. Hesabu yake ni ya wenzo wa shuleni: mguu ukiwa sentimita 20 kutoka kwenye egemeo na rola ikiwa sentimita 5, nguvu yako inaongezeka mara 4. Haina gia, haina kifaa cha upande mmoja, na springi ikikatika fundi yeyote wa baiskeli anakuwekea nyingine. Ubaya wake ni kwamba hazipatikani kirahisi, na zenye rola za plastiki tupu hupasuka. Ukikutana na yenye fremu ya chuma na rola za mpira, usiiache.

Ya tatu ni ile ya kuzungusha kwa mpini, isiyo na kanyagio. Ndani ya mpini kuna fito iliyosokotwa kama skrubu ndefu. Ukisukuma mpini chini, kichwa kinazunguka. Mara nyingi ni nafuu zaidi, ndoo yake haina kitu cha kuharibika, na mpini ukifa unabadilisha mpini peke yake. Kwa kijana mwenye mabega mazima inatosha kabisa. Simshauri mtu mwenye maumivu ya bega au kiganja, kwa maana kazi imehamishwa kutoka mguuni ikarudishwa mikononi. Angalia pia kufuli ya mpini: ikiwa dhaifu, mpini unazama katikati ya kazi kila ukigandamiza sakafu.

Ya nne ni ndoo yenye chujio la koni, ambayo unaingiza mopa na kuisokota. Ni ya bei ndogo, haiharibiki, lakini viganja vinafanya kila kitu. Inafaa choo na kibaraza.

Zile mopa bapa za ndoo yenye mifereji miwili, mmoja wa kuosha na mmoja wa kukwangua maji, nimeziweka mwisho kwa nyumba kubwa. Kwa chumba kimoja cha kupanga zinafaa kwa sababu hazichukui nafasi.

Kwa ofisi, shule au zahanati orodha hii haifai. Huko nunua ndoo kubwa ya magurudumu yenye kikamulio cha kubana kwa mkono mrefu wa chuma. Mtu anayepiga deki korido nzima hawezi kukanyaga kikapu mara mia kila asubuhi, na gia za nyumbani hazikuundwa kwa kazi hiyo.

Dukani, kabla hujatoa hela

Kariakoo au Kamukunji, muuzaji mwenye bidhaa nzuri hakukatazi kujaribu. Mimi husema tu, "Kaka, naomba niikanyage kwanza," na mara nyingi jibu ni "Jaribu tu dada, haina shida." Akianza kusema boksi halifunguliwi, naaga na kwenda duka la pili.

Weka mopa ndani ya kikapu na ukanyage mara 20 bila kupumzika. Sikiliza. Mlio wa gia ulio sawasawa hauna tatizo; mlio wa "taka-taka" unaokuja na kupotea maana yake meno yanarukana. Kisha kanyaga mara moja tu uondoe mguu. Kikapu kiendelee kuzunguka chenyewe kidogo. Kikisimama papo hapo, ama mhimili umepinda ama kifaa cha upande mmoja kinakwama. Rudia polepole kabisa: kanyagio likishuka robo nzima kabla kikapu hakijaanza kusogea, tayari kuna ulegevu, na ulegevu huo utakua.

Shika ukingo wa kikapu ukitikise kulia na kushoto. Kiyumbe kidogo sana. Kikapu cha chuma kinachong'aa kinadumu kuliko cha plastiki, lakini mimi ningechukua cha plastiki kilichokaa sawa juu ya mhimili wake nikaacha cha chuma kinachocheza.

Geuza ndoo. Hapa ndipo wengi hawaangalii, na ndipo penye jibu. Tafuta pini ya bawaba: chuma, au kijiti cha plastiki kilichotokana na ndoo yenyewe? Cha plastiki kikikatika hakuna dawa. Tafuta skrubu: kama sehemu za gia zimegundishwa moja kwa moja, chembe moja ya mchanga ikiingia humo hutaitoa. Sisi wa pwani mchanga ni wa kila siku, unaingia kwa viatu, kwa upepo, kwa miguu ya watoto.

Mwisho, kanyaga ndoo ikiwa tupu uone kama inainuka upande wa pili. Kanyagio lililochomoza nje ya kitako bila kuegemea sakafuni linaibinua ndoo, na mzee anaweza kuanguka nalo. Maji yatasaidia kuituliza, lita 6 ni kilo 6, lakini kitako kipana kinasaidia zaidi. Kama ina magurudumu, yasiteleze wakati unakanyaga.

Ikifika nyumbani

Usipitishe mstari wa mwisho wa maji uliochorwa ndani ya ndoo. Maji yakigusa kitako cha kikapu yanakishika, unakanyaga kwa nguvu zaidi, na gia ndizo zinazoumia. Tandaza nyuzi kikapuni zizunguke sawa pande zote kabla ya kukanyaga, kwa sababu mzigo ukilalia upande mmoja mhimili unapinda taratibu. Kumbuka pia kwamba katika ndoo nyingi maji yanayorushwa yanarudi mlemle yalimotoka. Yakishakuwa ya rangi ya chai, yamwage. Zipo ndoo zenye vyumba viwili, cha maji safi na cha machafu, na kwa nyumba yenye mtoto anayetambaa ningeongeza hela nichukue hiyo.

Dawa za klorini na maji ya visima vya chumvi vinakula springi na hata vikapu vile vinavyoitwa vya kutoshika kutu. Suuza ndoo kwa maji baridi ukimaliza, uigeuze ikauke. Vichwa vya maikrofaiba usiviloweke kwenye klorini wala dawa ya kulainisha nguo. Ya kwanza inadhoofisha nyuzi, ya pili inazipaka mafuta zikaacha kunywa maji.

Kila baada ya miezi michache mimi hufungua zile skrubu za chini, nikatoa nywele na mchanga kwa mswaki wa zamani, nikapaka grisi kidogo kwenye meno. Ya shangazi naifungua kila nikienda Tanga. Mara ya mwisho nilikuta uzi wa kanga umejisokota kwenye mhimili, nikaukata kwa wembe, na kanyagio likarudi kuwa laini.